Dar mpaka Moro kwa miguu, na kisigino kibovu

Nyie wote mlionishauri nimeze diklofenaki mbili kila asubuhi ndo nianze safari, hebu njooni hapa. Mtu unatembea juani kutwa, maji mwilini yanakata, halafu ushindilie vidonge vya maumivu, hizo figo zimewakosea nini? Morogoro nimefika, na vidonge vyenu viko begini havijafunguliwa.

Matembezi yenyewe yalikuwa ya kuchangia mashine za watoto njiti, kama kilomita 190 hivi, na mimi kisigino cha kulia kina visa vyake miaka, asubuhi ukishuka kitandani hatua ya kwanza unataka kulia, ukitembeatembea kinaachia, ukikaa kinaanza upya. Ndo maana wenzangu wakikaa kupumzika mimi nilikuwa nazungukazunguka tu, wakaniona mwehu.

Sasa utundu. Nilikata kipande cha godoro nikaweka ndani ya raba, nikajiona fundi, kufika Maili Moja pale Kibaha kimekuwa bapa kama chapati. Mlandizi nikanunua ndala, elfu tatu sijui nne, zile ngumungumu, nikamkuta fundi viatu mtu mzima, shikamoo mzee, naomba unikatie hapa kwenye kisigino halafu katikati utoboe tundu. Akaniangalia weee. "Kijana, watu wananiletea niwazibie matundu, wewe unataka nikutoboe?" Nikamwambia toboa tu mzee wangu. Akatoboa, akasugua kingo na msasa, nikaweka ndani ya raba, asee! Uzito wote unaenda pembeni, pale panapouma hapagusi kitu. Ila usiinue mguu mmoja tu, nyonga itakusema, ile ndala nyingine nikaweka mguu wa kushoto, hiyo bila tundu.

Vaselini vidoleni na soksi mbili mnajua. Jioni nunua maji yaliyoganda, Chalinze stendi yapo kibao, chupa iweke chini ukanyage uibingirishe taratibu, yakiyeyuka kunywa, hela haijapotea.

Halafu ukitoka Bwawani ukaanza kuiona milima ya Uluguru usishangilie, unaiona leo unafika kesho.

Mjomba wangu alitoa ahadi ya elfu moja kwa kila kilomita, kwa mbwembwe mbele ya ukoo mzima. Mpaka leo hajatuma, anadai kuna mtu aliniona Chalinze nimepanda gari la maji. Mjomba, nilikuwa nimeegemea bodi nanyoosha misuli!