Kutoka F mpaka C ya hesabu nikiwa saidia fundi Uyole

Form four mara ya kwanza nilikula F ya hesabu, yaani chini ya 30, nikajiambia hesabu sio fungu langu nikaenda zangu kubeba zege huku Uyole. Kilichonirudisha kwenye daftari ni siku tunaseti msingi wa nyumba, mwezi wa saba, baridi ile ya Mbeya ya asubuhi mpaka vidole havishiki kamba. Fundi akaniambia dogo shika tepu hapa, akapima mita 3 upande huu akatia alama, mita 4 upande wa pili akatia alama, akavuta tepu kutoka alama hadi alama ikasoma 4.92. Akasogeza kamba kidogo, akapima tena, mpaka ikasoma 5 kamili ndo akasema kona imekaa skwea, yaani nyuzi 90. Mi nikabaki nimesimama. 3 mara 3 ni 9, 4 mara 4 ni 16, jumla 25, na 5 mara 5 ni 25, kumbe ni Pythagoras yule yule niliyemkariri shuleni bila kujua kazi yake! Nikamuuliza na nyumba ikiwa kubwa? Akasema hapo tunapiga 6, 8, 10. Na mzee mwenyewe aliishia la saba.

Nikaamua kurisiti. Nikashuka Mwanjelwa nikanunua kaunta buku kwaya 3, nikawa napiga msuli usiku nikitoka kibaruani. Mwezi wa kwanza niliupoteza wote, maana nilikuwa nasoma pasti pepa zenye majibu, naelewa kabisa, nikifunika nianze mwenyewe nakwama. Kuna mwalimu mstaafu jirani yetu, nikamwamkia siku moja nikamweleza shida yangu, akasema lete hilo daftari nione unapokosea. Akanipa hili:

3(x − 4) − 2(x − 5) = 7

Nikalimaliza kwa mistari miwili tu, x = 29. Hakusema nimekosa, akasema rudisha hiyo 29 kwenye swali. Nikarudisha, 3 mara 25 ni 75, 2 mara 24 ni 48, 75 toa 48 ni 27, na swali linataka 7. Akasema haya mwanangu, anza upya, kila mstari fanya jambo moja tu. Mstari wa kwanza nikafungua mabano peke yake, na hapo ndo nikakiona kitu kilichonitesa miaka yote minne, hasi 2 mara hasi 5 ni chanya 10, mi nilikuwa naandika hasi 10 kila siku! Ikawa:

3x − 12 − 2x + 10 = 7
x − 2 = 7
x = 9

Nikarudisha tena, 15 toa 8, 7. Aisee nilifurahi kama nimeokota hela. Tangu siku hiyo sijawahi kuruka mstari, na jibu lazima nilirudishe kwenye swali hata kama nina uhakika, dakika moja tu inatosha.

Jometri ilinichelewesha zaidi, na nadhani tatizo kubwa ni lugha. Mpaka la saba tulisoma hesabu kwa Kiswahili, ukifika form one kila kitu Kiingereza, unakuta mtu anajua hesabu ila hajaelewa anaulizwa nini. Mi nikawa naandika swali upya kwa Kiswahili changu pembeni, nachora mchoro mkubwa, halafu kila namba ninayoipata naandika na sababu yake. Mfano duara lina kitovu O, A na B ziko kwenye mzingo, pembe OAB ni 35, tafuta pembe ACB, C iko kwenye mzingo upande wa tao kubwa. Nilikuwa naliangalia hivi nalikimbia. Sasa naenda taratibu, OA na OB zote ni rediasi kwahiyo zinalingana, kwahiyo OBA nayo ni 35, kwahiyo AOB ni 180 toa 70, yaani 110, na pembe ya kwenye kitovu ni mara mbili ya ile ya kwenye mzingo, basi ACB ni 55. Hizo "kwahiyo" ndo zenye maksi jamani, karatasi yenyewe inakwambia onyesha njia zote, ukikosea kujumlisha mwishoni bado njia inakulipa.

Novemba nikaingia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kuna swali moja la sekshen B sikulimaliza, niliandika hatua tatu nilizozijua nikaliacha nikaenda lingine. Matokeo yalitoka nikiwa saiti juu ya jukwaa, dada yangu ndo alipiga simu, C. Nilishuka nikamwonyesha fundi kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote.