Nilivyokagua SUV ndogo ya mkononi Mwanza, kuanzia injini ikiwa baridi

Nilipoamua kununua SUV ndogo ya mkononi hapa Mwanza, kila dalali nilimpa sharti moja: nilikute gari halijawashwa tangu jana yake. Nilikuwa nafika saa moja asubuhi, na salamu zikiendelea mkono wangu uko juu ya boneti. Kule Nyakato nililikuta moja lina joto. "Kaka, nimelisogeza tu kutoka uani," akaniambia mwenye gari. Kusogeza gari hatua kumi hakupashi rejeta, kwa hiyo niliaga na kurudi kesho yake. Ubovu mkubwa wa injini hujitokeza nyakati mbili: sekunde chache za mwanzo likiwa baridi, na nusu saa baadaye likiwa limeshapanda mlima. Katikati ya hapo karibu kila gari linaonekana zima.

Likiwa bado baridi, nafungua kifuniko cha rejeta. Kamwe usikifungue injini ikiwa ya moto, utaungua uso. Ndani natafuta kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, yenye rangi safi, nyekundu au kijani. Maji ya kahawia maana yake wamekuwa wakijaza maji ya bomba na kutu imeanza kula njia za ndani. Utando wa mafuta juu ya maji unatia shaka gasketi ya silinda hedi. Halafu nageuza kifuniko na kukagua mpira na springi yake. Watu hukidharau, lakini Mwanza iko mita zipatazo 1,140 juu ya usawa wa bahari, na maji matupu yasiyo na presha huku huchemka kwenye nyuzijoto 96 hivi. Kifuniko kilicholegea hakishiki presha, na gari ambalo Dar es Salaam lilivumilia, huku mlimani litachemsha.

Dipstiki ya oili naifuta, naichovya tena, ndipo nasoma. Oili nyeusi si kosa, hiyo ni kazi yake. Kosa ni iwe chini ya alama ya mwisho, au chini ya kifuniko cha kujazia kuwe na ute mweupe kama uji. Ute kidogo unaweza kuwa unyevu wa safari fupifupi. Ukiwa mwingi, na maji ya rejeta nayo yanapungua, achana nalo.

Kwenye Toyota RAV4 ya kizazi cha tatu, ile yenye injini ya 2AZ-FE ya lita 2.4, namulika tochi nyuma ya injini, upande wa kuelekea kwenye kabini. Bloku yake ni ya aluminiamu, na matoleo ya mwanzo yanajulikana kwa nyuzi za bolti za silinda hedi kung'oka upande huo. Hedi ikiinuka kidogo, kulanti huvuja na kukaukia pale kama ukoko wa waridi. Chini hutaona hata tone, ila maji yanapungua. Bolti mpya peke yake haiponyi: lazima hedi ifunguliwe, matundu yatobolewe upya na kuwekwa nyuzi za chuma, na fundi anayeifanya vizuri si wa kila gereji. Injini hiyohiyo ina sifa ya kula oili kwa sababu ya ringi za pistoni, kwa hiyo namuuliza mwenye gari anaongeza kiasi gani kati ya sevisi na sevisi. Akijibu haraka kwamba haongezi kabisa, naangalia kama kuna galoni la oili kwenye buti.

Kabla ya kupiga stata nawasha swichi tu na kusoma dashibodi. Taa za cheki injini, ABS na eabegi zote ziwake, kisha zizime zenyewe injini ikishanguruma. Taa ambayo haikuwaka kabisa inanitisha kuliko inayobaki inawaka, kwa maana kuna mtu ameinyamazisha. Naomba mtu mwingine apige stata, mimi nakaa mbele ya gari na kusikiliza. Mlio wa mnyororo kugonga kwa sekunde mbili tatu halafu ukakoma unaonyesha taimingi cheni imelegea au tensheni yake imechoka. Kisha nahamia nyuma: moshi wa bluu ni oili inayoungua, mweusi ni petroli kuzidi, na mweupe usiokoma wenye harufu tamutamu ni kulanti. Mvuke mweupe wa dakika chache za asubuhi na matone ya maji kwenye ekzosi ni kawaida.

Nina kifaa kidogo cha kusomea kompyuta ya gari kinachounganishwa na simu, na soketi yake iko chini ya usukani. Makosa yaliyohifadhiwa ni sehemu tu ya ninachotafuta. Kuna ukurasa unaoonyesha kama vipimo vya ndani vimekamilika. Vingi vikisomeka havijakamilika, makosa yamefutwa juzijuzi au betri imechomolewa. Hapo namuuliza muuzaji waziwazi, na gari nalirudia baada ya siku tatu likiwa limetembezwa.

Njia yangu ya majaribio ni ileile kwa kila gari: Buzuruga hadi Kisesa na kurudi, kwa mwendo wa barabara kuu, halafu mjini na kupanda Bugando kukiwa na watu wanne ndani na kiyoyozi kimewashwa. Mlima huo ndio hakimu wa giaboksi ya CVT, ile ya otomatiki isiyo na gia za hatua, hasa kwenye Nissan X-Trail ya T31. Nikiwa nimekanyaga breki naweka D, kisha R, na kila mara gari lishike ndani ya sekunde moja bila kugonga. Kati ya kilomita 20 na 60 kwa saa natega kama linatetemeka. Mlio mwembamba unaopanda pamoja na mwendo nao ni dalili mbaya. CVT iliyochoka ikipata moto hujilinda kwa kupunguza nguvu, na kwenye mkunjo wa mlima utalisikia gari limekuwa zito ghafla. Nauliza pia ilijazwa haidroliki gani, maana T31 inataka ile ya CVT iitwayo NS-2, na kuna mafundi wanaomimina ya giaboksi ya kawaida.

Kwenye uwanja tambarare nakata usukani hadi mwisho na kuzunguka polepole, kushoto na kulia. Tak-tak-tak upande wa mbele ni siivii jointi, kiungo cha ekseli kinachozungusha gurudumu. Mgumio upande wa nyuma kwenye Honda CR-V mara nyingi unatokana na oili ya difu iliyochakaa au isiyo yake, na kubadilisha oili sahihi huweza kuumaliza. Halafu nainama kuona kama propela, shafti inayopeleka nguvu nyuma, bado ipo, kwani ikianza kulia wapo wanaoing'oa na kuendelea kuliuza kama gari la magurudumu manne. Namba ya chesisi nayo inasaidia: RAV4 ya ACA31 ni ya magurudumu manne, ACA36 ni ya mawili, CR-V ya RE4 ni ya manne, RE3 ya mawili.

Huku kwetu buti ninalifungua kwa uangalifu zaidi kuliko viti. Gari lililobeba samaki kutoka Mwaloni Kirumba hupewa manukato mazuri sana siku ya kuuzwa, lakini maji ya barafu, na hasa chumvi ya kayabo, samaki waliokaushwa kwa chumvi, hubaki chini ya kapeti. Natoa spea tairi na kugusa kisima chake, nakwaruza kwa kucha kwenye maungio ya bati. Hapohapo natafuta tope laini la mafuriko, kwa kuwa Mto Mirongo ukifurika mjini magari huzama. Mkanda wa kiti nauvuta hadi mwisho: mstari wa maji haufutiki kirahisi. Reli za viti zenye kutu na plagi za nyaya zenye ukungu wa kijani hunitosha kuondoka. Kwa magari ya Mabatini na Igogo, kwenye mawe, napapasa sampu, bakuli la oili chini ya injini, kama ina mbonyeo.

Tairi zote nne ziwe za saizi moja na ziwe zimelika sawa, la sivyo mfumo wa magurudumu manne unafanya kazi muda wote na kuchakaa. Tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019.

Karatasi za gari nililolichagua nilizimaliza kwa simu na kwa macho. Namba ya chesisi na ya injini nililinganisha na kadi, faini za trafiki na madeni ya maegesho ya TARURA nikayaangalia mtandaoni kwa namba ya gari, na malipo yakapitia benki kwa mwenye jina kwenye kadi, si kwa dalali.

Ila kabla ya malipo hayo, jioni ya majaribio nilichora mstari kwa kalamu ya wino mzito kwenye chupa ya kulanti, usawa wa maji, nikatandika boksi lililofunguliwa chini ya injini na kumwomba mwenye gari asiliwashe. Asubuhi boksi lilikuwa kavu, na maji, injini ikiwa imepoa, yalikuwa yameshuka chini ya mstari kwa unene wa kucha. Hivyo ndivyo yanavyoshuka yakipoa. Nilijaza hadi alama ya chini, nikalitembeza tena hadi Kisesa, nikalisubiri lipoe kwa muda wa saa nne nzima, na maji yakarudi palepale kwenye alama.