Wiki ya saba: mto wa Wyllie, na merikebu iliyotia nanga kwa tezi

Jana usiku nimefuta merikebu nzima kwenye kanvasi yangu. Siku tisa za kazi, na imeondoka kabla chai haijapoa: tabaka la juu lilikuwa bado bichi, nikalipangusa kwa kitambaa cha tapentaini, la chini nikalikwangua kwa kisu. Pale ilipokuwa sasa pana doa la rangi ya matope, nami nimelala vizuri kuliko wiki nzima iliyopita.

Kwa kumbukumbu, ninayoinakili ni picha ya William Lionel Wyllie ya mwaka 1883, Toil, Glitter, Grime and Wealth on a Flowing Tide. Kwa Kiswahili changu: jasho, mng'aro, masizi na mali, juu ya maji yanayojaa. Mto ni Thames, London, enzi za Malkia Victoria. Matishali ya makaa, yaani mashua bapa za mizigo, yako mbele, moshi wa stima juu, na nyuma vyombo vinapotelea ukunguni. Wyllie alikuwa na miaka 31. Mwaka ule ule ilipoonyeshwa ilinunuliwa kwa fedha za wasia wa mchongaji Francis Chantrey, na leo ni mali ya Tate, makumbusho ya sanaa ya Uingereza. Picha yenyewe ina upana wa sentimita 165. Yangu ina 80, kwa sababu meza yangu haimezi zaidi.

Wiki tatu za mwanzo ziliishia kwenye nyeupe. Nilikuwa natumia nyeupe ya titani, na kila nilipoichanganya na kijivu, mto ukawa kama umemwagiwa chokaa. Baadaye nikasoma kwamba nyeupe ya titani haikuwafikia wachoraji hadi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Watu wa wakati wa Wyllie walikuwa na nyeupe ya madini ya risasi, ambayo ni sumu, na ya zinki. Nikachukua ya zinki. Haifuniki sana, inabidi kurudia rudia, lakini kijivu kinabaki na uhai. Kijivu chenyewe nakipata kwa bluu ya ultramarini na kahawia iliyokolea. Nyeusi ya chupa sijaigusa. Mng'aro wa jua majini ni vidoa vinene vichache tu, vya mwisho kabisa. Nilipoviweka vingi, mto uligeuka sinia la vigae.

Sasa merikebu. Upande wa nyuma palikuwa na nafasi ambayo kwenye nakala yangu ya karatasi haisomeki, kila kitu moshi. Nikajiongeza. Nikachora merikebu ya milingoti mitatu imetia nanga, nzuri, foromali zote, zile mbao za kubebea matanga, zimenyooka. Nikapiga picha kwa simu, nikamsifia kila mtu.

Jumapili akaja mjomba. Mjomba amefanya kazi kwenye matishali hapa Tanga miaka mingi, enzi ambazo meli kubwa zilitia nanga mbali na gati na mzigo ukafuatwa huko huko. Nilimwamkia, akaitikia huku macho yako kwenye kanvasi.

"Haya maji yanakwenda wapi?"

"Yanajaa, mjomba."

"Umejuaje?"

"Jina la picha ndivyo linavyosema."

"Jina silioni hapo. Naona tishali halina injini, mtu yuko na kasia refu, kwa hiyo linachukuliwa na maji, linakwenda huku." Akaonyesha kwa kidole, karibu aguse rangi. "Na merikebu yako imetia nanga, omo inatazama huku huku. Umeitia nanga kwa tezi?"

Sikuwa na jibu. Omo ni mbele ya chombo, tezi ni nyuma. Chombo kikitia nanga kwa omo, na upepo usipokishinda mkondo, hugeuka chenyewe kikayatazama maji yanakotoka. Hilo nimeliona tangu utotoni pale bandarini, na bado mkono wangu ulichora kinyume kwa sababu kinyume kilipendeza.

Hakuishia hapo. Moshi wa tagi, ile stima ya kuvuta vyombo, unakwenda kulia, bendera inapepea kushoto. "Pepo mbili kwa wakati mmoja," akasema, akaomba chai.

Nimeyafikiria maneno yake siku tatu. Nilidhani maji yanayojaa ni pambo la jina, kumbe ndiyo mashine ya picha yote. Kwenye daraja la London Bridge maji hupanda na kushuka mita 5 hadi 7, wakati bamvua letu Tanga, siku maji yanapopanda na kushuka zaidi, ni mita 3 na ushei. Watu wa matishali ya Thames waliusubiri mkondo huo uwapandishe na tani zao za makaa, wao wakiongoza tu kwa makasia. Ndiyo maana kila kitu kinasogea kwa pamoja.

Tanga moja la jahazi nimelipa wekundu, kwa kuwa huko waliyapaka udongo mwekundu na mafuta, ya samaki yakiwemo, yasioze. Mjomba akacheka: "Sisi sifa, mafuta ya papa, tulipaka mbao, tanga tuliliacha."

Hadi leo: moshi nimeugeuza, bendera nimeifuta. Merikebu mpya nimeichora kwa mkaa, omo imeyakabili maji, na mnyororo wa nanga umekazika mbele yake. Kupaka rangi bado. Doa la chini halijakauka, na mvua hizi za vuli hazinisaidii.