Dereva wa Kongwa

Mwaka 2009 nilikuwa karani katika ofisi moja mjini Dodoma, nikiishi Area C, na watu wa nyumbani walikuwa wameshazoea kuniona nikirudi kutoka mnada wa Msalato bila nyama, nimebeba buli lililofungwa kwenye gazeti. Nilikuwa nakusanya mabuli ya vituko, yaani yale ambayo mfinyanzi ameyapa umbo la kitu kingine kabisa: kabichi, tembo, nyumba, kuku aliyeatamia. Katika nchi ambayo chai huchemshwa kwenye sufuria pamoja na maziwa na tangawizi, kisha humiminwa kwenye chupa ya chai ili ikae moto mpaka mgeni wa jioni afike, buli halina kazi kubwa zaidi ya kukaa kabatini likisubiri kufutwa vumbi. Nadhani ndiyo maana nilikuwa nayapata kwa bei nafuu.

Jirani yetu mmoja, muuguzi, alipoyaona alicheka, akasema bibi yake aliyeko Kongwa analo la gari na analihifadhia ugoro. Nilimwuliza ni gari la namna gani. Alichovya kidole kwenye maji akanichorea mezani: bodi fupi ya mviringo isiyo na paa, magurudumu yaliyofunikwa, mdomo unaochomoza mbele, mkono wa kushikia nyuma. Nilikuwa nimeliona pichani tu. Ni buli la gari la mashindano lililotengenezwa na James Sadler and Sons wa Burslem, huko Stoke-on-Trent, Uingereza, eneo lililoishi kwa ufinyanzi kwa vizazi vingi. Gari hilo lilianza kutoka tanurini mwishoni mwa miaka ya 1930, kwa rangi mbalimbali, na hadi leo wakusanyaji wengi huliweka katika orodha ya vitu wanavyovitafuta. Si kwamba Sadler ndiye aliyeuanzisha mchezo huo. Wafinyanzi wa Yixing nchini China walishatengeneza mabuli yenye umbo la matunda na magogo muda mrefu kabla yake, na katika karne ya 18 Waingereza wa Staffordshire walikuwa wakiuza yenye umbo la koliflawa na nanasi. Lakini gari lina ugumu wake, na nitaueleza.

Siku tuliyokwenda tulishuka Mbande, tukaunganisha gari jingine hadi Kongwa, na tukamkuta bibi ameketi chini ya mwarobaini akipepeta uwele.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Nimeambiwa umekuja kununua gari.”

“Ndiyo, bibi, kama utaniruhusu nilione kwanza.”

“Utaliona, ila halina dereva.”

Lilikuwa la kijani. Pua yake ilikuwa imemeguka, rangi ya fedha kwenye magurudumu imebaki kwa madoa tu, na ngozi yake ya kung’aa ilikuwa na mipasuko myembamba iliyokunywa rangi ya chai ya miaka mingi. Lilifika pale kwa njia iliyofikisha vitu vingi vya Ulaya Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga kwa mashine, wakaleta matrekta na mafundi, wakajenga hata tawi la reli kutoka Msagali. Mvua hazikutosha, udongo ulikauka ukagandamana hata majembe ya mashine yakashindwa, na mwaka 1951 serikali yao ikauacha mpango huo. Mabwana walipofungasha, vyombo vingi vilibaki mikononi mwa wapishi na madobi. Marehemu babu alikuwa amempikia fundi mmoja wa matrekta.

Dereva ndiye mfuniko. Kichwa na mabega yake hutokeza pale ambapo mtu angeketi, na ndiye unayemshika ukitaka kufunua. Bila yeye ningebeba nusu ya buli, na nilikuwa tayari kuibeba hiyo nusu, lakini bibi alisema kitukuu wake alimpeleka kwa jirani kucheza naye. Basi tukafuata vichochoro tukiuliza habari za dereva, na watu wakatujibu kwa utulivu kana kwamba tunamtafuta mtu wa kweli. Tulimkuta nyuma ya nyumba ya tatu, amefungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli juu ya gari la waya lenye magurudumu ya kandambili, akisukumwa mavumbini na mvulana mwenye umri wa miaka kama minane.

Mama yake alitaka kumnyang’anya mara moja. Nilimwomba asifanye hivyo, kwa kuwa mtoto yule alikuwa amemtunza dereva vizuri kuliko gari lilivyotunzwa. Tulizungumza kama wafanyabiashara. Alitaka betri mbili na balbu ya tochi ili gari lake liwe na taa, na hakukubali kumfungua abiria wake mpaka tuliporudi kutoka dukani na balbu ikawaka.

Ugoro ulipomwagwa na buli kuoshwa kwa maji ya moto, bibi alitaka tulijaribu. Mimi pia nina sharti hilo: buli lisilomimina ni sanamu. Hapo ndipo ugumu wa gari unapoonekana, kwa sababu ncha ya mdomo ikiwa chini ya ukingo wa buli, chai humwagika mezani kabla hujalijaza, na gari la mbio kwa asili yake ni kitu kirefu kilicholala chini. Mfinyanzi aliutatua ugumu huo kwa kuinua mdomo kutoka kwenye boneti hadi usawa wa kutosha, na ndani yake akatoboa matundu ya kuzuia majani. Maji yalitoka kwa mkondo mmoja na kukatika bila kudondoka. Dereva alicheza kidogo kwa kuwa ukingo wake ulikuwa umelika, lakini hakuanguka.

Bibi alitazama kikombe kikijaa, akatazama cha pili, kisha buli likaisha.

“Watu wawili tu?” aliuliza. “Na gari zima hili?”

Hakutaka fedha. Alitaka chupa ya chai ya lita tatu, yenye kitufe cha kubonyeza juu, naye aliichagua mwenyewe dukani baada ya kukataa mbili za kwanza.

Nyumbani nilililoweka usiku kucha katika maji ya moto na magadi ya kupikia, na asubuhi tabaka jeusi lilipobanduka ikaonekana namba ya gari, OKT42, utani wa Kiingereza kuhusu chai ya watu wawili, kwa kuwa ukiitamka husikika “OK, tea for two”. Bibi alikuwa ameufikia mwenyewe kwa kuhesabu vikombe. Wapo wanaoziba na kupaka rangi sehemu zilizomeguka. Pua ya hili nimeiacha ilivyo, na nikipata mgeni anayekunywa chai ya rangi namiminia humo, japokuwa mke wangu anadai bado inanukia ugoro.