Mstari wa makaa

Kwa miaka 30 baba yangu alishusha viazi na kabichi kutoka Kibumba hadi soko la Virunga kwa chukudu, kigari cha mbao cha magurudumu mawili kinachosukumwa kwa mguu, goti moja juu ya kipande cha sandali kuukuu kilichopigiliwa kwenye ubao, mguu wa pili ukisukuma ardhi. Kisha ikaja jioni aliposimama hatua chache kutoka nyumbani kwetu Majengo, akamwuliza mtoto wa jirani nyumba ya muzee fulani iko wapi. Jina alilotaja lilikuwa lake mwenyewe. Mtaa mzima ulijua kabla giza halijaingia.

Jumapili iliyofuata baba mdogo aliita kikao cha ukoo. Nilikuwa mwaka wa tatu wa biolojia hapa hapa Goma, lakini niliitwa kupanga viti, si kusema. Chai haijamiminwa, shangazi ameshatajwa. Mjane, hana mtoto, anaishi peke yake, na mwezi uliotangulia aligombana na baba juu ya kipande cha shamba. "Yule mwanamke amemfunga akili," alisema baba mdogo, na wazee wakaitikia kwa vichwa. Kilichoniogopesha zaidi ni kwamba shangazi hakuitwa. Mwanamke akisemwa hivyo bila kuwepo, haichukui siku nyingi vijana wakawa mlangoni pake na mawe.

Daktari alikuwa ameshatuambia kwamba ni Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu. Alimpa baba karatasi achore saa. Baba akachora duara safi kabisa, mkono wa mtu aliyechonga magurudumu maisha yake yote, kisha akazirundika namba zote upande wa kulia. Kushoto hakuweka kitu. Akamrudishia daktari kalamu kwa mikono miwili.

"Hilo ni jina la Mzungu," baba mdogo alisema nilipolitaja. "Halituambii nini kimemfika kaka yangu."

Alikuwa na haki. Ni jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1906, na jina halimtoi mtu hatiani. Nikaokota kaa pembeni ya mbabula, jiko letu la makaa, nikapiga magoti, nikachora mstari mrefu juu ya sementi.

"Baba mdogo, hii ni barabara ya Kibumba."

Nikamwambia kwamba chembe ya neva, kama zile za ubongo, ina mkia mwembamba, na ile inayotoka mgongoni kwenda kidole cha mguu mkia wake unakaribia mita 1. Viazi vinalimwa upande huu, vinaliwa upande ule. Protini zikiachwa zielee zenyewe, zingefika baada ya miaka na miaka. Kwa hiyo ndani ya mkia mna barabara, mikrotubuli, na juu yake wanapita wasukumaji. Anayepeleka mzigo huitwa kinesini, anayerudi huitwa dineini. Kinesini ana miguu miwili. Huinua mmoja wakati wa pili umeshika njia, na kila hatua, ambayo ni nanomita 8 tu, humla tonge moja la nguvu, molekuli moja ya ATP. Waliomgundua mwaka 1985 walimpata katika neva nene za ngisi, mnyama wa baharini ambaye mimi sijawahi kumwona. Mzigo wake wa haraka kabisa hukata kama milimita 400 kwa siku.

Mzee mmoja, naye wa chukudu, akacheka kwa furaha. "Siku mbili na nusu, mpaka kidole!"

Nikachora vijiti vifupi kukatiza mstari. Hivyo ni tau, protini inayoishikilia barabara isilegee. Kwa mgonjwa wa Alzheimer, tau hubebeshwa fosfati kupita kiasi, mikono yake ikaachia njia, vijiti vikashikana vyenyewe kwa vyenyewe na kuwa fundo ndani ya chembe. Nje nako protini nyingine, amiloidi, huganda mabonge. Barabara ikishalegea, mzigo haufiki kule mwisho ambako neva hupashana habari na neva, na ncha zile hunyauka.

"Na hiyo tau, nani aliiambia iachie?"

Swali hilo nilikuwa nimeliogopa tangu asubuhi. "Ni ya mwili wake mwenyewe, baba mdogo. Hakuna aliyeingia humo."

Nilisugua mstari katikati kwa kiganja, ukakatika, pakabaki doa jeusi. Nilitaka kuendelea, ila baba alikuwa ameinuka kwenye kiti chake. Tulikuwa tumemzungumza saa nzima kama hayupo. Akachuchumaa polepole, akaweka kidole juu ya lile doa.

"Hapa unashuka," alisema. "Hapa ni volkano. Unashuka, unasukuma kwa mkono, usisimame. Bado iko moto."

Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipokata mji hadi ziwani, baba na mdogo wake waliuvuka ule mwamba na chukudu moja, mmoja akivuta mbele, mwingine akisukuma nyuma. Raba ya gurudumu iliyeyuka. Hadithi hiyo tulikua nayo sote.

Baba mdogo aliweka kikombe chini. Alimtazama kaka yake muda mrefu, kidole bado kiko juu ya sementi.

"Leta kiti kingine," akaniambia. "Na mtume mtoto akamwite dada yetu."