Dakika tisa za mionzi kifuani mwa baba

Kitambaa cheupe ndicho kilichotufanya tukubali. Kwa wiki tatu baba alikuwa akikohoa damu, mwanzoni michirizi tu, baadaye mabonge, na alishajua kukikunja kitambaa upesi kabla mama hajakiona. Usiku alilala ameketi, mito minne mgongoni, kila pumzi ikitoka na mluzi. Uvimbe ulikuwa umeota ndani ya njia ya hewa iendayo pafu la kulia na kuiziba karibu yote.

Mionzi ya nje alishapigwa mwaka uliotangulia. Kumrudishia kipimo kile kile ilikuwa hatari, maana uti wa mgongo na sehemu za pafu zisizougua zilikuwa zimeshabeba mzigo wao. Ndipo daktari akatueleza habari za brakitherapi, yaani mionzi ya ndani: chanzo chenyewe kinapelekwa hadi penye uvimbe. "Hii haiondoi saratani," alisema. "Tunataka damu ikome na mzee apumue." Alimwambia baba mwenyewe, hakuniita mimi pembeni. Nilimshukuru sana kwa hilo.

Siku yenyewe walimpulizia ganzi kooni, wakampa dawa ya kumtuliza kwenye mshipa, wakapitisha kamera puani hadi kwenye uvimbe na kuacha hapo mrija mwembamba. Kamera ikatoka, mrija ukabaki umebandikwa kwa plasta puani. Wakapiga eksirei kuhakikisha haujasogea, kisha wote tukatoka chumbani.

Mashine ilisukuma waya wenye chembe ya iridiamu-192, metali inayotoa mionzi, kwenye ncha, ndogo kuliko punje ya mchele. Inasimama sekunde kadhaa, inasogea milimita chache, inasimama tena. Kipimo chake kilikuwa grei 10 (grei ni kizio cha mionzi inayopokelewa na mwili), ikipimwa sentimita 1 kutoka kwenye chanzo. Ukipita hapo makali hushuka haraka. Mtaalamu wa fizikia alinieleza kwamba nguvu ya iridiamu hupungua kwa nusu kila siku 74 hivi, kwa hiyo dakika za baba zilikuwa nyingi kuliko za mgonjwa wa mwezi uliopita. Zilikuwa 9. Kwenye skrini niliona vidole vya miguu yake vikichezacheza chini ya shuka, na nikavikazia macho hivyo hivyo mpaka mwisho.

Jambo moja bado linaniuma. Mhudumu mmoja alituambia watoto wasimsogelee kwa siku kadhaa. Si kweli kwa tiba ya aina hii: waya ukisharudi kwenye kasha lake, hakuna mionzi inayobaki mwilini. Mjukuu wake alikaa siku mbili mlangoni akimpungia mkono, bure kabisa, hadi nilipopiga simu kumuuliza daktari.

Kikohozi kilizidi kwanza, kama tulivyoambiwa. Tuliambiwa pia kwamba kovu linaweza kubana njia ya hewa baadaye, na kwamba wapo wanaotokwa na damu nyingi ghafla, iwe kwa mionzi au kwa uvimbe wenyewe. Baba alisaini akiyajua yote hayo. Akaishi miezi mitano mingine, na karibu yote bila kitambaa.

Damu ilikoma wiki ya pili. Mama akaanza kuondoa mito, mmoja mmoja. Usiku wa kwanza wa mito miwili aliniamsha saa nane nije nisikilize mlangoni. Mluzi haukuwepo.