Mkanda umetoka: nta ya parafini na joto la Lindi

Hatimaye mkanda wa vipande vya tishu vya kutazamwa kwa hadubini umetoka! Unene mikroni 5, ovari ya samaki changu, vipande vimeshikana kuanzia kwenye wembe hadi ukingo wa meza, na hakuna hata kimoja kilichojikunja. Nimemwita mama aje aone.

Kilichonitesa muda wote ni nta ya parafini, ile ninayoigandishia tishu ili ikatike. Niliyokuwa nayo inayeyuka nyuzi 56 hadi 58, ile ya kawaida maabara nyingi, na chumba kikiwa na kiyoyozi haina neno. Chumba changu hakina, na Lindi hii ya Januari mchana ni nyuzi 30 na ushee. Bloku, yaani tishu iliyogandishwa ndani ya nta, ikitoka kwenye barafu inakupa vipande vichache safi, halafu uso unalainika, wembe unakibana kipande mpaka kinakuwa kifupi kuliko bloku yenyewe. Ukikitandaza kwenye maji ya nyuzi 42, mikunjo mingine inafunguka, mingine inakuangalia tu. Nikabadilisha wembe, nikacheza na pembe yake, wapi! Nilipokata alfajiri ndipo hali ikawa nafuu, nikajua mwenye kesi ni joto la chumba.

Nikaagiza Dar nta ya nyuzi 60 hadi 62. Hii ni ngumu, haidai barafu kila dakika. Lakini oveni ya kulowekea tishu kwenye nta iliyoyeyuka nayo lazima ipande hadi 63 au 64, na mayai ya samaki yaliyojaa kiini hayapendi joto: yakikaa sana yanakauka na kumegeka mbele ya wembe. Kwa hiyo vipande vya ovari navikata vyembamba tangu mwanzo ili visikae sana ndani, na nta naibadilisha mpaka harufu ya zailini, kiyeyushi kinachotumika kabla ya nta, iishe kabisa. Zailini ikibaki, nta ngumu inalainika na hela yako imekwenda.

Wanaopendekeza mishumaa ya dukani siwaelewi. Fuwele zake ni kubwa, haina polima ya kuishikilia tishu, bloku inapasuka kwenye kona. Bora ununue nta ya histolojia, iliyotengenezwa kwa kazi hii ya tishu, kidogo kidogo.

Ratiba ilisema sasa ni hematoksilini na eosini, rangi za kupaka tishu. Zitasubiri. Jirani mfuga nyuki amenipa bonge la nta, na nimeshaichuja kwa kitambaa. Mafundi wa zamani waliichanganya kidogo na parafini ili fuwele ziwe ndogo na mkanda ushikane. Nataka kujua kama itaiokoa ile nta yangu ya 56, maana bado ninayo mfuko mzima.